Rimoti Iko kwa Nani?

Ukitaka kujua nani mkubwa katika ofisi yenye kiyoyozi, usihangaike kusoma vibao vya milangoni. Uliza rimoti inakaa wapi. Katika ofisi nyingi za Dar es Salaam, Mombasa na Tanga imefungiwa kwenye droo ya mkuu wa idara, au ya katibu muhtasi wake, na betri zake zimeshikizwa kwa selotepu kwa kuwa kifuniko kilipotea zamani. Kiyoyozi kimewekwa nyuzi 18 tangu asubuhi. Anayekaa chini yake amevaa sweta saa saba mchana, huku nje lami inayeyuka. Mwenzake wa dirishani, ambaye kioo chake kinapigwa na jua la magharibi na hakifunguki, anajipepea kwa jalada la faili. Wanalipwa daraja moja, wanamaliza kazi ileile, na hakuna kati yao anayeweza kubadili chochote bila kuinuka, kubisha hodi na kujieleza kama mtu aliyekuja kuomba mkopo.

Hoja ya sura hii imelala ndani ya droo hiyo. Mazingira ya kazi yakitajwa, mawazo ya wengi hukimbilia vitu: viti vipya, vigae, rangi ya ukuta, mashine ya kahawa pale kwenye kona. Vitu vina maana yake, na sitaki kumbeza anayelia na kiti kilichovunjika mgongo. Lakini ukizipitia tafiti za miaka mia moja iliyopita, nyingine zikiwa zilitafuta jambo lingine kabisa, utakuta kuna kitu kinajitokeza tena na tena bila kualikwa. Tija ya mtu wa mezani hufuata kwa karibu mamlaka madogo aliyonayo juu ya mahali anapokaa: kuzima taa, kufungua dirisha, kusogeza meza, kumkwepa anayepiga kelele. Ofisi nzuri iliyonyimwa mamlaka hayo huweza kushindwa na ofisi mbovu iliyo nayo.

Kisa cha kwanza kinachosimuliwa katika somo hili ni cha kiwanda cha Hawthorne, cha kampuni ya Western Electric, kilichokuwa Cicero, jirani na Chicago nchini Marekani. Kuanzia 1924 wahandisi walijaribu kuongeza na kupunguza mwanga ili waone kama wafanyakazi wangetengeneza vifaa vingi zaidi vya simu. Matokeo yakawachanganya: taa zikiongezwa kazi inapanda, zikipunguzwa nayo inapanda. Mwaka 1927 wakawatenga wanawake watano wa kuunganisha swichi za umeme za simu, na wa sita wa kuwapelekea vipuri, wakawaweka katika chumba chao. Wakawapa mapumziko, baadaye vitafunio, baadaye wakafupisha siku ya kazi. Kila badiliko likaja na ongezeko. Waliporudisha utaratibu wa zamani, bila mapumziko wala vitafunio, kazi haikuanguka ilivyotarajiwa. Hapo ndipo ilipozaliwa ile simulizi inayofundishwa hadi leo katika vyuo vya uongozi, kwamba mtu akijua anatazamwa na kujaliwa huchapa kazi, taa iwe ya mafuta au ya umeme.

Simulizi hiyo ni tamu kuliko ushahidi wake. Mwaka 2011 wanauchumi Steven Levitt na John List walizichambua upya takwimu za awali za majaribio ya mwanga, zilizodhaniwa zimeshapotea, na wakagundua jambo la kuchekesha: taa zilikuwa zikibadilishwa siku ya Jumapili. Kwa hiyo kila mwanga mpya ulianza kupimwa Jumatatu, na Jumatatu kazi ilikuwa ikipanda yenyewe, taa ziguswe zisiguswe. Ule muujiza mkubwa wa mwanga ukapungua sana. Nacho chumba cha wanawake kilikuwa na mambo mengi kwa wakati mmoja. Malipo yao yalianza kuhesabiwa kwa uzalishaji wa kikundi chao kidogo badala ya idara nzima yenye watu wengi, na Januari 1928 wawili kati yao walitolewa, wakilaumiwa kwa maongezi na kwa uvivu, nafasi zao zikajazwa na wengine waliokuwa wepesi zaidi. Asemaye Hawthorne imethibitisha kwamba tabasamu la bosi linatosha hajasoma habari yote.

Hata hivyo, kuna sehemu ya kisa hicho ambayo haipewi uzito wake. Mle chumbani msimamizi wa kawaida hakuwapo. Alikaa mtazamaji aliyeandika. Kabla ya mabadiliko mengi, wanawake hao waliitwa wakaelezwa kinachokusudiwa, wakaulizwa maoni yao, na maoni yao yalifuatwa mara kwa mara. Waliruhusiwa kuzungumza wakiwa kazini, jambo ambalo kwenye ukumbi mkubwa lilikuwa kosa, na ambalo hata mle ndani liliwaponza wawili walipolizidisha. Siwezi kusema hiyo ndiyo iliyoongeza swichi, maana na fedha ilikuwamo. Ninachosema ni kwamba Hawthorne ilituachia swali zuri likiwa ndani ya jibu bovu, na swali lenyewe, la mamlaka ya mtu juu ya mahali anapofanyia kazi, lilikuja kupimwa vizuri zaidi miongo minne baadaye.

Waliolipima ni wanasaikolojia David Glass na Jerome Singer, na kitabu chao kilitoka 1972. Waliwakalisha watu wafanye kazi za akili huku wakipigiwa kelele za kanda: watu wakizungumza kwa lugha ambazo msikilizaji hazielewi, mashine ya kurudufu, taipureta, vyote vikiwa vimechanganywa na kupandishwa hadi desibeli 108. Baadhi yao walipewa kitufe mezani, wakaambiwa: ukizidiwa, bonyeza, kelele itakoma, lakini tungependa usibonyeze. Wengi hawakukigusa. Walisikia kelele ileile, kwa muda uleule, kwa ukali uleule kama wenzao wasio na kitufe. Kisha kelele ikazimwa, wakapewa kazi nyingine katika ukimya: kusahihisha makosa ya maandishi, na mafumbo ambayo kwa siri hayakuwa na jibu. Waliokuwa na kitufe walifanya makosa machache kuliko wenzao katika kusahihisha, na waling'ang'ania mafumbo kwa muda mrefu kuliko wenzao kabla ya kukata tamaa. Kitufe ambacho hakikubonyezwa kilifanya kazi.

Tazama hapo madhara yalipojitokeza. Wakati wa kelele wote walikwenda sambamba, watu hujikaza. Gharama ililipwa baadaye, kimyakimya, katika uvumilivu na umakini. Ndiyo maana bosi anayepita kati ya meza saa nne asubuhi akaona vichwa vimeinama huamini mambo ni shwari. Mwaka 2000 Gary Evans na Dana Johnson wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha jaribio la wanawake 40 wa kazi za ukarani, nusu wakikaa saa tatu katika kelele ndogo za kawaida za ofisi ya wazi, nusu katika utulivu. Hawakutofautiana katika kasi ya kupiga chapa. Walipoulizwa kama wamechoka au wana msongo, majibu hayakutofautiana. Lakini waliokaa kwenye kelele walikutwa na adrenalini nyingi zaidi kwenye mkojo, waliyaacha mapema mafumbo yasiyo na jibu, na hawakuwa wepesi wa kujiweka sawa vitini. Mtu alikuwa akiumia bila yeye mwenyewe kujua, na dodoso la kuridhika kazini lingesema hewala.

Sasa tutoke kwenye maumivu twende kwenye upambaji, maana hapo ndipo fedha nyingi huteketea. Craig Knight na Alex Haslam wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walichapisha mwaka 2010 majaribio waliyofanya na watu waliopewa kazi za ofisini katika vyumba vya namna nne. Cha kwanza kilikuwa kitupu: meza, kiti, basi, kama wanavyopenda wale wanaoamini kila kilichopo mezani kisicho kazi ni uchafu. Cha pili kilipambwa kwa mimea na picha. Katika cha tatu mtu alipewa mimea na picha hizohizo akaachiwa azipange apendavyo, hata kuziondoa zote. Katika cha nne naye alipanga apendavyo, kisha mtafiti akaingia, akashukuru, na akapangua kila kitu mbele ya macho yake. Chumba kilichopambwa kilishinda kile kitupu kwa takriban asilimia 17 ya tija. Kilichopangwa na mwenyewe kilishinda kwa takriban 32. Cha nne kilikuwa na uzuri uleule, maua yaleyale, lakini tija ilirudi kule kwenye chumba kitupu.

Ni majaribio ya muda mfupi, na asilimia zake nisingezibandika kwenye bajeti ya wizara. Lakini mpangilio wake unaeleza jambo ambalo kila aliyewahi kuhamishiwa jengo jipya analijua. Uongozi unatumia mamilioni. Kamati ya samani inachagua rangi. Siku ya kuhamia kuna keki. Na katika wiki ya pili unatoka waraka unaokataza kubandika kalenda ukutani, kuweka picha za familia mezani na kusogeza meza kutoka alama za sakafuni. Kwa uzuri jengo ni kile chumba cha pili, lakini kwa aliyemo ndani ni cha nne. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na waliochagua kitanda hiki kwa kawaida wana ofisi zao zenye milango, ghorofa ya juu.

Vizimba vya ofisini vilikuja kwa njia hiyo hiyo, na historia yake inasikitisha kidogo. Robert Propst aliongoza utafiti wa kampuni ya samani ya Herman Miller kule Michigan. Katika miaka ya 1960 alikwenda kinyume na kumbi zile za meza zilizopangwa safu kwa safu kama darasa, karani akimtazama karani kisogoni. Mwaka 1968 kampuni ilianza kuuza mfumo wake wa pili: vipande vya kuta vinavyohamishika, rafu zinazopandishwa na kushushwa, meza ya kufanyia kazi ukiwa umesimama ukichoka kukaa. Alitaka pembe zake ziwe pana, mtu apate faragha kiasi na bado aone wenzake, na abadilishe apendavyo kazi ikibadilika. Wanunuzi waliona kitu kingine kabisa. Waliona kuta za bei rahisi. Wakazibana pembe zile hadi zikawa mraba, wakavipanga vyumba vidogo vidogo kama masega ya nyuki, wakavikaza kwa parafujo, na kilichoundwa ili kihamishike hakikuhama tena. Kiswahili kimekiita kizimba, jina lilelile la pale mahakamani anaposimama mshtakiwa, na sidhani kama lugha ilikosea. Propst, aliyefariki mwaka 2000, aliishi kuona na kulalamikia kilichofanywa kwa wazo lake. Umbo lilibaki na mamlaka ya aliyemo ndani yakatolewa, kama mtu aliyenunua gari akang'oa usukani ili apate nafasi ya mzigo.

Baada ya vizimba kuchukiza, jibu likawa kuvunja kila ukuta. Ofisi ya wazi ikaja na ahadi kwamba watu wakionana watazungumza, wakizungumza watabuni. Watafiti Ethan Bernstein na Stephen Turban waliyapima makao makuu ya kampuni mbili kubwa za Marekani kabla na baada ya kuvunja kuta, wafanyakazi wakiwa wamevaa vifaa shingoni vya kurekodi nani anazungumza na nani. Matokeo yalitoka mwaka 2018: maongezi ya ana kwa ana yalipungua kwa karibu asilimia 70, na barua pepe na ujumbe wa papo kwa papo vikapanda. Watu walivaa spika za masikioni, wakainamisha vichwa, wakajijengea kuta za kufikirika mahali pa zile za mbao. Mwaka 2013 Jungsoo Kim na Richard de Dear wa Sydney walikuwa tayari wamepitia majibu ya watu zaidi ya 42,000 kutoka majengo 303 ya ofisi. Urahisi wa kuwasiliana, ile faida kubwa ya ofisi ya wazi, haukufidia kelele na kukosa faragha.

Wajenzi wa zamani wa pwani yetu wasingeshangaa. Nyumba ya mawe ya Lamu haimweki mgeni ndani wala nje moja kwa moja. Kuna baraza za mawe mlangoni, ambako yeyote apitaye huketi akapewa kahawa. Kuna daka la kuingilia, ua uitwao kiwanda, ukumbi uitwao msana, halafu ndani. Biashara na mashauri ya watu wa mbali huishia barazani, na kila hatua ya kuingia hutolewa na mwenye nyumba, naye ndiye aamuaye leo fulani afike wapi. Sipendekezi ofisi zijengwe kwa matumbawe. Naonyesha tu kwamba baraza ilipendeza kwa sababu nyuma yake kulikuwa na ndani. Ofisi ya wazi imemweka mfanyakazi barazani kutwa nzima na kumfungia mlango wa ndani, kisha inashangaa kwa nini hachangamki.

Hapa pana pingamizi zito, na katika nchi zetu ni zito zaidi. Watu wasipoonekana, je, watafanya kazi? Kila mwananchi aliyefuata cheti au kibali analijua koti lililotundikwa kwenye kiti, shahidi mwaminifu kwamba mwenyewe yupo, katoka kidogo, na jua linazama katoka kidogo. Tena mlango uliofungwa ndio unaopitishia bahasha. Hoja hiyo siikatai. Kaunta ya kumhudumia raia inapaswa kuwa wazi, ionekane na kila aliye kwenye foleni, na mamlaka ninayoyatetea hayafiki hapo. Lakini kumtazama mtu na kuitazama kazi ni mambo mawili. Huyo Bernstein mwaka 2012 alichapisha utafiti wa kiwanda cha simu za mkononi nchini China, ambako wanafunzi walichanganywa na wafanyakazi bila kujulikana. Waliona kwamba mafundi walikuwa na mbinu zao za haraka, walizozificha kila msimamizi alipopita, wakarudi kwenye utaratibu rasmi wa polepole ili kuepuka maswali. Basi baadhi ya mistari ya uzalishaji ikazungushiwa pazia. Pazia tu, la kitambaa. Simu zilizotoka ziliendelea kuhesabiwa na kukaguliwa kama kawaida, na tija ya waliozungushiwa ikapanda kwa asilimia 10 hadi 15. Wale waliokuwa wazi walikuwa wakicheza ngonjera kwa ajili ya bosi. Nalo koti kwenye kiti ni ngonjera ya namna hiyo: huchezwa pale mahudhurio yanapopimwa na majalada yaliyokamilika hayahesabiwi na mtu.

Pingamizi la pili ni la fedha, nalo huletwa na wahasibu kwa sura ya huruma. Nafasi ni ghali, kila mita ya mraba katikati ya Nairobi au Dar es Salaam ina kodi yake, na chumba kwa kila karani ni ndoto. Vitabu vya Ulaya na Marekani hujibu kwamba mshahara ni mkubwa mno kuliko kodi ya pango, hivyo ongezeko dogo la tija hulipia kuta. Jibu hilo halisafiri vizuri. Mshahara wa karani wa kwetu ni mdogo, kodi ya jengo la vioo haikupungua kwa sababu hiyo, na hesabu hubana. Lakini angalia kilichotumika katika tafiti hizi: kitufe, mimea ya kwenye chungu, pazia. Chumba kimoja chenye mlango, ambacho yeyote mwenye kazi ya kutuliza kichwa anaweza kukichukua kwa saa mbili bila barua ya maombi, hakizidi ukubwa wa chumba cha mikutano ambacho hukaa kitupu siku tatu kwa wiki. Pangaboi lenye swichi yake kwa kila meza nne lina bei ndogo kuliko zulia.

Na tukifika kwenye pangaboi tumefika kwenye joto, ambalo hapa pwani ndilo shauri lenyewe. Mwaka 2006 Olli Seppänen, William Fisk na mwenzao waliunganisha tafiti 24 wakakuta kazi ya ofisini hufanyika vizuri zaidi karibu na nyuzi 22, na ifikapo nyuzi 30 utendaji unapungua kwa takriban asilimia 9. Ukiishia hapo utasema: basi tununue viyoyozi, tufunge madirisha, tumalize. Ndivyo miji yetu ilivyofanya. Tumejenga minara ya vioo ambayo ingefaa Helsinki, tumeielekeza magharibi, kisha tukanunua mashine za kupigana na jua tuliloliingiza wenyewe. Lakini Richard de Dear, akishirikiana na Gail Brager, mwaka 1998 alikuwa amekusanya vipimo takriban 21,000 kutoka majengo 160 ya mabara mbalimbali, wakakuta kwamba waliomo katika majengo ya madirisha yanayofunguka huridhika na joto la viwango vipana zaidi kuliko waliofungiwa na kiyoyozi, na kiwango cha joto kinachowaridhisha hupanda kadiri nje kunavyopata joto. Mavazi na mazoea huchangia, ila si yote. Mtu aliyefungua dirisha mwenyewe anaidai hewa kidogo kuliko mtu aliyepuliziwa.

Sisemi Dar es Salaam ya Februari inavumilika kwa dirisha pekee. Unyevu wa mwezi ule humshinda hata mwenyeji, na pembeni ya barabara yenye jenereta na vumbi dirisha wazi ni adhabu. Nairobi, juu kule mita 1,700, ina bahati yake: jengo la Umoja wa Mataifa la Gigiri lililozinduliwa 2011, lenye ofisi za shirika la mazingira UNEP, lilijengwa lijipitishie hewa lenyewe bila mfumo wa viyoyozi, paa lake likiwa limejaa paneli za jua. Harare nako Mick Pearce alisanifu Eastgate, iliyokamilika 1996, inayovuta hewa baridi ya usiku na kuihifadhi ndani ya zege. Pwani tutahitaji mashine. Tofauti ni kama mashine hiyo ni moja kubwa inayoamuliwa na mmoja, au ni pangaboi, dirisha na kiyoyozi kidogo vyenye swichi ndani ya mkono wa anayevitumia.

Atakayesema kwamba rimoti ikiachwa mezani kutakuwa na vita, mmoja akitaka 18 na mwingine 26, ana haki. Vita vitakuwapo. Lakini vipo hata sasa, isipokuwa upande mmoja ndio wenye silaha. Upande wenyewe umechaguliwa na historia: mwaka 2015 Boris Kingma na Wouter van Marken Lichtenbelt walionyesha kwamba vipimo vya kimataifa vya joto la ofisi vilitumia kiwango cha mwili wa mwanamume wa miaka arobaini mwenye kilo 70, ambacho hukadiria kupita kiasi joto linalozalishwa na miili ya wanawake wengi. Kanga iliyokunjwa juu ya mgongo wa kiti, ambayo wahudumu wa mapokezi huificha mgeni akiingia, ina mizizi kwenye fomula iliyoandikwa mbali sana. Ofisi ambayo watu sita wanakaa wakapatana juu ya nyuzi 24 inagombana, ndiyo, na maafikiano yao yatakuwa yao.

Limebaki pingamizi ambalo tangu 2020 ndilo linalosemwa kwa sauti kubwa: kama mamlaka juu ya mahali ndiyo dawa, si kila mtu afanyie kazi nyumbani? Ushahidi mzuri ulikuwapo hata kabla ya gonjwa la korona. Kampuni ya safari ya Ctrip ya Shanghai iliwapata wahudumu 249 wa kupokea simu waliojitolea na kustahili, ikawagawa kwa bahati nasibu, nusu wakafanyia kazi nyumbani siku nne kwa wiki kwa miezi tisa. Katika utafiti huo uliochapishwa 2015, Nicholas Bloom na wenzake waliona utendaji wa walioko nyumbani ukipanda kwa asilimia 13. Sehemu kubwa ilitokana na dakika zilizoongezeka, ugonjwa na mapumziko vikipungua. Sehemu ndogo ilitokana na kupokea simu nyingi zaidi kwa dakika, na wao wenyewe walisema ni kwa sababu ya utulivu. Kuacha kazi kukapungua kwa nusu.

Watetezi wa nyumbani husimama hapo. Mimi naona mambo mawili wanayoyapita haraka. Sharti mojawapo la kujiunga lilikuwa kuwa na chumba peke yako na intaneti ya kasi. Kwa mpangaji wa chumba na sebule huko Mbagala, Dar es Salaam, au Umoja, Nairobi, mwenye watoto watatu, shemeji aliyekuja kutafuta kazi na jirani mwenye redio, nyumba si mahali anapopatawala. Rimoti iko kwa mtu mwingine kule kule. La pili ni lile la mwisho wa jaribio. Kampuni iliwapa wote hiari ya kuchagua upya, na zaidi ya nusu wakabadili msimamo: waliokuwa nyumbani wakaelemewa na upweke wakarudi ofisini, wengine waliojiona hawawezi kujisimamia wakarudi nao, na wapo waliotoka kujaribu. Kila mtu alipokuwa amekaa pale alipochagua mwenyewe, ile asilimia 13 ikawa karibu 22.